Kitambaa cha taulo: kinavyofumwa, kinavyofaa na kinavyoharibika

Kitambaa cha taulo ni kile chenye vitanzi vidogo vya uzi vilivyojitokeza upande mmoja au pande zote mbili. Vitanzi hivyo havibandikwi baadaye, hufumwa humohumo. Mtambo hubeba mitande miwili, yaani nyuzi za urefu, mmoja umekazwa, mwingine umelegezwa. Nyuzi mbili za mshindio, zile zinazopita kwa upana, huachwa nyuma kidogo ya ukingo wa kitambaa. Wa tatu ukiingia, zote tatu husukumwa kwa pamoja. Mtande uliokazwa hubaki palepale, ule uliolegea hukosa pa kwenda na kuchomoza kuwa vitanzi.

Vitanzi ndivyo vinavyonyonya maji, basi ukivigusa umegusa kazi yote. Ndiyo maana taulo lililokatwa vitanzi upande mmoja ili liwe laini kama mahameli linapendeza mkononi, lakini upande huo hukausha mwili vibaya. Poliesta kidogo kwenye msingi huongeza uimara. Kwenye vitanzi pamba haina mpinzani wa maana.

Uzito hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Gramu 300 hadi 400 ni nyepesi, 400 hadi 600 ni za kuogea nyumbani, zaidi ya hapo ni nzito, za kifahari. Taulo la sentimita 70 kwa 140 la gramu 500 hufikia karibu nusu kilo likiwa kavu. Kwa joto la unyevu la Mombasa au Dar es Salaam, zito halikauki upesi na huanza kunuka uvundo. Chukua la wastani.

Mbali na taulo, hushonwa majoho ya kuogea, bibu na nepi za kufua. Aina inayonyumbulika kama fulana, yenye vitanzi kwa ndani tu, ni ya nguo za michezo.

Ukishona mwenyewe, fua kitambaa kabla ya kukata, maana pamba hurudi. Tumia sindano ya cherehani namba 90 au 100, urefu wa kila pigo la mshono uwe milimita 3 hadi 3.5, na piga ovaloki (mshono wa kufunga ukingo) kingo zote, la sivyo vitanzi vya ukingoni vitapukutika.

Taulo jipya lisiponyonya, bado lina dawa ya kiwandani: lifue mara mbili tatu. Dawa ya kulainisha nguo huleta kasoro hiyohiyo, kwani hufunika nyuzi kwa utando wa mafuta. Kitanzi kikichomoka, usikivute. Kikate kwa mkasi usawa wa vingine, hakitafumuka.