Unataka kuchangia wanafunzi wa fildi? Soma hii kabla hujatuma pesa

Kila ikikaribia miezi ya fildi, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo, simu za ofisini hazitulii, na safari hii malalamiko yamezidi, mtu kaona namba kwenye grupu la WhatsApp "tuwachangie vijana wetu", katuma, namba haipatikani tena, ndo anakuja kwetu sisi wa usajili wa jumuiya Zanzibar kuuliza pesa yake iko wapi. Jamani, sisi hatuna hiyo pesa. Ulimtumia mtu, hukuichangia jumuiya.

Haja yenyewe ipo, hilo halina ubishi. Kijana wa Wete, Pemba, akipangiwa hospitali ya Mnazi Mmoja huku Unguja na mjini hana jamaa, atafute chumba, nauli, chakula cha mchana, nguo za kazi, na fildi nyingi hazilipi hata senti. Jumuiya zinazowasimamia hawa zinastahiki kusaidiwa.

Sasa utaratibu. Jumuiya nyingi za hapa munazozijua zimesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995, kwa hiyo zina cheti, zina katiba, zina akaunti ya benki kwa jina la jumuiya. Muombe anaekuchangisha akuoneshe cheti, jina la kwenye cheti lilingane herufi kwa herufi na jina linalotokea kwenye simu unapolipa kwa lipa namba, ikitokea jina la Fulani bin Fulani acha hapo hapo hata kama ni mweka hazina kweli. Halafu dai risiti yenye namba, tarehe, kiasi na mchango wa nini. Sio uchoyo kudai risiti, maana mkaguzi akija bila ya hiyo karatasi mchango wako ni kama haukuwepo. Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, inamtambulisha mtu tu, haisajili jumuiya. Na cheti cha Bara chini ya sheria yao ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002 sio usajili wa Zanzibar, hili tumeshalisema mpaka tumechoka.

Kuna jengine. Mtu anaweka pesa kwenye akaunti ya jumuiya halafu anasema hii ya mtoto wa dada yangu, mumpe yeye, na mimi nipeni barua ya kupunguziwa kodi. Huo sio mchango, huo ni kumsomesha mtoto wenu kwa kupitia mlango wa watu. Unaweza kusema pesa yako iende kwenye nauli za wanafunzi wa Pemba, au vifaa vya wauguzi, hapo sawa na jumuiya inatakiwa iheshimu masharti yako kwa maandishi, lakini nani apate wanachagua wao kwa vigezo vyao.

Na hiyo kodi yenyewe, sheria ya kodi ya mapato inaruhusu mfanyabiashara kupunguziwa mchango wa hisani usiozidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, yaani mapato milioni 100 mwisho milioni 2, na ni kwa taasisi ambayo TRA, Mamlaka ya Mapato, imeitambua kuwa ya hisani. Usajili peke yake hautoshi. Waulize kabla ya kutoa, sio mwezi wa mahesabu.

Wanaotoa zaka waseme ni zaka, maana ina watu wake wanane kwenye Suratut-Tawba na sio kila mwanafunzi yumo, jumuiya iitenge na hesabu nyengine, masuali ya hukumu wapelekeeni masheikh. Anaetaka pesa ya kupangisha duka lake iwasaidie wanafunzi kila mwaka anaweza kuliweka wakfu, aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ila ajue wakfu hauuzwi wala haurithiwi, wanawe wakae wajue mapema.

Asie na pesa atoe nafasi. Wenye hoteli, famasi, gereji, ofisi za mahesabu, kumpokea mwanafunzi mmoja na kumpa mtu wa kumfundisha kweli, sio kumtuma chai, ni mchango mkubwa kuliko munavyodhani. Laptopu iliyotumika pia inapokelewa lakini iwe inawaka, tafadhali, na iandikwe kwenye daftari la mali.

Anaejifanya jumuiya mtandaoni ajue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku, kujifanya mtu mwengine ni faini isiyopungua milioni 5 au mara tatu ya alichokipata, kile kitakachokuwa kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote pamoja.

Kama umeshatuma usifute meseji. Chukua picha ya grupu na ya malipo, nenda kituo cha polisi, upewe namba ya taarifa, halafu ndo uje kwetu ukiwa na jina la jumuiya iliyotajwa, bila ya jina hatuna faili la kufungua.