Picha za Ubongo na Programu Huria: Mtafiti wa Uganda Aanzie Wapi?

Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichukua picha zilezile za ubongo wakazipima kwa FreeSurfer, programu inayopima ukubwa wa sehemu za ubongo, wakibadilisha matoleo yake. Ujazo wa sehemu za ubongo ukatofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8 kati ya toleo na toleo. Kuna maradhi yanayopunguza ubongo kwa asilimia mbili hivi kwa mwaka. Hapo tofauti ya toleo peke yake yaweza kumfanya mtu atangaze ugonjwa usiokuwepo. Mwaka 2020 ikachapishwa kazi ya timu 70 zilizopewa data moja ya MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) zijibu maswali tisa yaleyale. Hazikupatikana timu mbili zilizopita njia moja, na kwa baadhi ya maswali majibu yaligongana.

Ndiyo maana wanafunzi wetu wakiniuliza wajifunze programu ipi kwanza, huwaambia waanze kwa kuandika hatua zao. Toleo gani, amri gani, kwa mpangilio upi: yote yakae kwenye faili ambayo kompyuta yenyewe inaweza kuiendesha upya. Kazi ya kubofyabofya kipanya haiachi nyayo. Lugha ya kompyuta ya Python inatosha kuandikia hatua hizo, programu ya Git hutunza historia ya mabadiliko yake, na Nilearn, maktaba ya Python ya kuchambua picha za ubongo, hufanya kazi nyingi kwenye laptopu ya kawaida.

Kisha panga mafaili kwa BIDS, kanuni ya kuyapa majina na mpangilio mmoja mafaili ya picha za ubongo, iliyochapishwa mwaka 2016. Inachosha, nakiri, lakini data iliyopangwa hivyo husomwa moja kwa moja na programu kama MRIQC, inayokagua ubora wa picha, na fMRIPrep, inayoziandaa kwa uchambuzi. Hizi hupatikana ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichobeba programu pamoja na kila inachokitegemea, matoleo yakiwa yamefungwa, ili aliyeko Gulu aendeshe kilekile kinachoendeshwa Kampala. Kifurushi ni kizito, kitamaliza bando lako. Mmoja apakue kwa intaneti ya chuo, wengine wanakili kwa flashi.

Kwetu uhuria, yaani msimbo wa programu (maelekezo yaliyoiunda) kuwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, una uzito zaidi ya kuokoa pesa. Kiolezo kinachotumika sana kulinganishia ubongo, MNI152, kilitokana na picha za vijana 152 waliopigwa huko Montreal, Kanada. Sasa chukua mtoto wa hospitali ya CURE kule Mbale, mwenye kichwa maji kilichofuatia maambukizi ya utotoni. Vyumba vya maji vimetanuka, ubongo umesukumwa pembeni. Programu itajaribu kumlazimisha afanane na kijana wa Kanada, na mara nyingi itakupa namba bila kulalamika. Vivyo hivyo kwa picha za MRI yenye sumaku hafifu, kama za mashine iliyoundwa Mbarara mwaka 2022 kwa ushirikiano na wataalamu wa Uholanzi na Marekani: zina chengachenga kuliko zile ambazo programu nyingi zilizoea. Msimbo ukiwa wazi, unaweza kuona ni hatua ipi imeteleza, ukaweka kiolezo cha watoto, ukamwonyesha mwenzako ulichobadilisha. Ukiwa umefungwa, utabaki kukisia.

Angalia leseni pia. SPM na FSL ni programu za kuchambua picha za ubongo. SPM ni huria, lakini kwa kawaida huendeshwa ndani ya MATLAB, programu ya hesabu inayolipiwa. FSL ni bure kwa utafiti usio wa biashara, na msimbo wake unasomeka, ila huwezi kuitumia kibiashara bila makubaliano.

Kwa mazoezi tumia data iliyoko wazi kwenye OpenNeuro, hazina ya mtandaoni ya picha za ubongo. Usianze na ya wagonjwa. Faili za DICOM, muundo wa picha zinazotoka kwenye mashine, hubeba jina na tarehe ya kuzaliwa, na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi. Kufuta jina hakutoshi, kwa sababu kutokana na picha ya kichwa kizima sura ya mtu inaweza kuundwa upya. Ondoa uso kwa programu ya pydeface, kisha fungua kila picha uikague kwa macho yako kabla haijatoka mikononi mwako.