Kujifunza kutokana na kushindwa: maana yake katika biashara

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii humfikia kila aliyefunga biashara, na ni faraja nzuri. Ila haisemi koleo lilivunjika kwa nini. Chuma kilikuwa duni? Lilikaa motoni kupita kiasi? Au mhunzi alilitumia kung'olea misumari? Asipolitazama, atanunua lingine na kulivunja palepale.

Hapo ndipo dhana yetu inapoanzia. Kujifunza kutokana na kushindwa ni kurudi kwenye uamuzi ulioleta hasara, kutafuta ulikuwa unaamini nini ulipoufanya, kuona imani hiyo ilikosea wapi, kisha kuamua tofauti safari inayofuata. Kama uamuzi wako wa pili ni uleule wa kwanza, hujajifunza kitu. Umeumia tu. Wapo watu wenye miaka ishirini ya kuumia ambao wanaiita uzoefu.

Chukua mtu anayeshona sare za wafanyakazi na kuziuzia kampuni. Muuza vitambaa anataka pesa taslimu. Mafundi wanalipwa kila Ijumaa. Kampuni zinazochukua sare zinalipa baada ya siku 60. Kwenye daftari lake kila oda ina faida, na oda zinaongezeka. Mwezi wa nne mashine zinasimama: anadai huku na huku, lakini mfukoni hana hata ya kununulia uzi.

Muulize kilichomwangusha. Atakwambia wateja wasumbufu, ushindani, pengine na husuda. Marafiki watamshauri ajitangaze zaidi, na ushauri huo ndio utakaommaliza, kwa sababu kila oda mpya inafungia pesa zake siku 60 nyingine. Kosa lake lilikuwa dogo na lilijificha vizuri: alidhani faida na pesa mkononi ni kitu kimoja. Akishaliona, cha kubadilisha kinajulikana. Adai malipo ya awali kabla ya kukata kitambaa, au amwombe muuza vitambaa naye ampe muda, au akatae oda ambayo hawezi kuisubiri. Akiishia kusema "watu hawaaminiki", amepata somo, lakini si lake.

Ugumu ni kwamba kumbukumbu inamtetea mwenyewe. Baada ya hasara kila mmoja hukumbuka kwamba "nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo". Dawa ninayoiamini ni kuandika kabla ya kutoa pesa, mistari miwili tu: natarajia nini kufikia tarehe fulani, na nikiona nini nitaacha. Mstari wa pili ndio watu huukwepa.

Kuna jambo lingine linalosahaulika. Hasara haithibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya, kama ambavyo faida haithibitishi kwamba ulikuwa mzuri. Aliyeendesha gari amelewa akafika salama hakufanya uamuzi mzuri. Biashara nayo ina bahati zake, na ukibadilisha kila kitu kwa sababu ya mkosi mmoja utatupa hata kilichokuwa sahihi.

Stewart Butterfield na wenzake walitengeneza mchezo wa kompyuta wa kuchezwa mtandaoni, Glitch, uliotoka mwaka 2011. Wachezaji waliobaki waliupenda, lakini hawakutosha kuubeba, na mwisho wa 2012 ukafungwa. Walifunga wakiwa bado na akiba benki, na hapo ndipo naona busara yao. Wengi wetu tungeichoma akiba ile yote kwa kujaribu mara moja tena. Wao waligeuka wakatazama kilichosalia kwenye karakana: programu ya kuwasiliana waliyojitengenezea wenyewe wakati wa kazi, ambayo hawakuwahi kuifikiria kama bidhaa. Waliiboresha, na mwaka 2014 ikaingia sokoni kwa jina la Slack. Mwaka 2021 Salesforce, kampuni kubwa ya programu za biashara, ikakamilisha kuinunua kwa zaidi ya dola bilioni 27. Mchezo ulishindwa, si kila kilichojengwa kwa ajili yake kilishindwa nao.

Simulizi za namna hii zisomwe kwa tahadhari, hii yangu ikiwemo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanatakwimu Abraham Wald alichambua matundu ya risasi kwenye ndege zilizorudi kutoka vitani. Akili ya haraka inasema ongeza chuma pale penye matundu mengi. Hesabu za Wald zilielekeza kinyume: ndege zilizopigwa hapo zilirudi, kwa hiyo pa kuogopa ni pale ambapo hapaonekani tundu, kwa kuwa zilizopigwa hapo hazikurudi kuhesabiwa.

Wanaoalikwa kuhadithia jinsi walivyoanguka kisha wakainuka ni ndege zilizorudi. Waliofunga kimya kimya na kwenda kutafuta ajira hawapewi kipaza sauti, ingawa wao ndio wanaojua risasi inayoua hupiga wapi. Ukimpata mmoja aliye tayari kuzungumza, usimuulize alijifunza nini, atakupa methali. Muulize ni siku gani alijua mambo yameharibika, na baada ya siku hiyo aliendelea kutoa pesa kwa muda gani.