Blogu ya Mwanafunzi Si Insha Iliyolegezwa

Juzi nimeulizwa tena, na mwalimu mwenzangu ninayemheshimu: "Kwa hiyo siku hizi unawaachia waandike ovyo?" Kisa, wanafunzi wangu wanaandika blogu badala ya insha ya kila wiki.

Mepesi tuyamalize haraka. Tahajia nasahihisha. Hoja inadaiwa ushahidi. Rasimu ni mbili, kama zamani. Blogu ya darasa ina nywila. Basi.

Sasa linaloniudhi. Insha ina msomaji mmoja, naye hana pa kukimbilia: analipwa aimalize. Mwanafunzi analijua hilo, ndiyo maana hujikokota. Mmoja wangu alifungua hivi: "Usingizi ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu." Mwenzake akaandika chini yake maneno mawili: "Nani anabisha?" Rasimu ya pili ikaanza: "Jana nilisoma ukurasa mmoja mara nne, na bado sijui ulikuwa unasema nini." Mimi ningeandika pembeni kwa wino mwekundu "utangulizi dhaifu", naye asingegusa hata nukta.

Halafu viungo vya mtandaoni, vinavyodharauliwa eti ni marejeo ya wavivu. Jamani! Tanbihi inaweza kuwa pambo tu. Nani ataamka aende maktaba kuihakiki? Kiungo hubonyezwa. Sekunde mbili, mwenzako yuko kwenye chanzo, anakuta kinasema kinyume chako. Na mahali pa kukipachika ni uamuzi wa mwandishi. Ukikiweka kwenye "bonyeza hapa" hujasema kitu. Ukikiweka kwenye "watafiti walipinga", umemwahidi msomaji kwamba akifika huko atawakuta watafiti, tena wakipinga. Hilo peke yake nalitolea alama.

Ila kuna walimu wanaochukua insha ileile, utangulizi, hoja tatu, hitimisho, wakaipandisha mtandaoni. Hiyo si blogu. Ni insha iliyoanikwa kwenye kamba.

Wanaoitetea insha kama mila wamkumbuke Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa aliyeyapa maandishi yake jina hilo mwaka 1580, kwa neno la Kifaransa lenye maana ya jaribio. Alikuwa akirukia mambo, akijipinga, na miaka baadaye akarudi kuchomeka maneno kwenye maandishi yaleyale. Kwa mwongozo wetu wa kusahihishia, angefeli.

Nina mashaka yangu pia. Sina hakika kama kinachowanoa ni blogu au ni kule kuandika kila wiki. Sijawahi kulinganisha kwa haki. Nilipolazimisha kila mtu atoe maoni mawili, nilivuna rundo la "Hongera, kazi nzuri". Na wapo wawili walioandika vizuri sana kwenye karatasi, lakini mbele ya wenzao wakakauka kabisa. Hao nimewafungia kurasa zao, nazisoma peke yangu. Yaani wanaandika insha. Mwalimu mwenzangu sijamwambia bado.