Tangi la Samaki Kukomaa: Maana Yake Nini?

Fundi wa vioo akishakukatia tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, silikoni ikakauka, ukaosha mchanga, ukapanga mawe, ukapanda mimea na kumimina maji, jioni ile ile linapendeza. Maji yanang'aa, taa inawaka, watoto wamebandika pua kwenye kioo wakiuliza samaki wako wapi. Samaki wapo dukani, bei yake haitishi. Ndipo mtu anayeyajua mambo haya anakuambia: "Usiweke bado, tangi halijakomaa." Unabaki kujiuliza kioo kinakomaaje.

Mimi sikupata hata nafasi ya kujiuliza, kwa sababu sikuwa na wa kuniambia. Tangi langu la kwanza, hapa Arusha, niliweka samaki kumi siku ya kwanza. Muuzaji alisema maji yakiwa safi yanatosha. Siku ya tatu walikuwa wanahema juu juu, midomo kwenye uso wa maji. Kufika Jumapili alibaki mmoja. Nikayalaumu maji ya Arusha, maana floraidi yake tunaibeba kwenye meno yetu wenyewe, na mtu akiwa na pa kutupia lawama hatafuti zaidi. Floraidi haikuhusika. Samaki wangu walikufa kwa uchafu wao wenyewe, na tangi halikuwa na wa kuusafisha.

Kukomaa, basi, ni hivi: tangi kuwa na bakteria wa kutosha wa kugeuza sumu inayotoka kwa samaki kwa kasi ile ile inayozalishwa. Mimea inaweza kuwa mizuri na maji yakawa maangavu, na tangi likawa bado changa.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki huitoa zaidi kupitia matamvua, pale pale anapopumulia, na nyingine hutoka kwenye kinyesi, chakula kilichobaki na majani yanayooza. Mtoni haimsumbui, maji yanapita na kuichukua. Kwenye lita 60 haina pa kwenda. Kundi la kwanza la bakteria, wanaojulikana zaidi wakiwa Nitrosomonas, hula amonia na kuacha nitriti. Hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuigeuza rangi ya kahawia, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Samaki anakosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi, na mimea huila kama mbolea. Vitabu vya zamani vilisema kundi hili la pili ni Nitrobacter; uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kwenye matangi ya samaki wenye kazi hiyo hasa ni Nitrospira.

Mkulima wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, anaijua kanuni hii bila kuitaja jina. Samadi mbichi ukiitoa zizini ukaiweka shinani mwa mche, inauunguza. Lazima ioze kwanza shimoni. Ile harufu kali inayokufumba macho ukiingia kwenye zizi la ng'ombe au banda la kuku asubuhi ni amonia hiyo hiyo, na shimoni wanaoituliza ni viumbe wadogo wa namna ile ile. Baba yangu mdogo, anayeishi Kibosho, alikuja akakuta tangi langu la pili lina wiki ya tatu, mimea imesimama, samaki hamna. Nikamwamkia, nikamweleza kirefu, makundi ya bakteria na majina yao. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa si ungesema tu haijaiva?" Tangu hapo nyumbani kwangu tunasema kuiva.

Kwa nini ichukue wiki? Maziwa unayaacha usiku mmoja au mbili yameganda, kwa sababu bakteria wa maziwa huzaana upesi mno. Hawa wa amonia ni wazito. Hata wakipata joto zuri na oksijeni, huhitaji karibu siku nzima kuongezeka mara mbili, na wanaanza wakiwa wachache sana, waliokuja na vumbi, mchanga na mizizi ya mimea. Ndiyo maana hesabu ya kawaida ni wiki nne hadi sita. Kundi la pili huchelewa zaidi, maana haliwezi kuanza kula kabla la kwanza halijapika. Kwa hiyo kuna wiki moja au mbili za katikati ambapo amonia imeshuka, mwenye tangi amefurahi, na nitriti ndiyo kwanza iko kileleni. Samaki wengi huuawa wiki hizo.

Mahali tulipo kunaongeza mambo mawili. La kwanza ni baridi. Bakteria hawa hupenda nyuzi 25 hadi 30, na Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba chumba kisicho na jua huingia baridi mpaka maji ya tangi yakashuka chini ya 20. Tangi lililoanzishwa Julai bila hita litachelewa. Wenzetu wa Moshi, chini kidogo na kwenye joto zaidi, wana nafuu hiyo. La pili ni pH, kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili, moja kali na nyingine pole, na pH ndiyo inayoamua ipi izidi. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na ile kali chini ya asilimia 1. Yakifika pH 8 inapanda hadi asilimia 5 hivi. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana bikaboneti nyingi na pH ya juu. Amonia ambayo ingevumilika kwenye maji ya mvua, kwetu inaweza kuua. Upande wa pili wa shilingi ni mzuri: bakteria hutumia bikaboneti wakifanya kazi, na ikiisha pH huporomoka na kazi inasimama. Anayetumia maji ya mvua matupu hukutana na hilo. Anayechota bomba la Arusha ni nadra.

Sasa mimea. Mtu akisikia habari za bakteria hudhani mimea ni pambo tu, lakini mmea wa majini hupenda amonia kuliko nitrati, kwa sababu haimgharimu nguvu nyingi kuitumia. Tangi lililopandwa kwa wingi tangu siku ya kwanza, hasa mimea inayokua haraka kama Vallisneria au ile mikia ya mbweha inayoelea, Ceratophyllum, hunyonya amonia kabla haijadhuru. Anubias ni mzuri, ni Mwafrika mwenzetu wa magharibi na kati, lakini hukua polepole mno kusaidia kwa hili. Ukipanda Anubias watatu na jiwe moja, hesabu tangi lako kuwa halina mimea. Usishtuke pia majani ya mwanzo yakiyeyuka. Mimea mingi ya dukani imekuzwa ikiwa nje ya maji na inabidi iote majani mapya ya majini. Kata yanayooza uyatoe, maana nayo ni amonia.

Mpangilio wa mawe na miti huhesabiwa kuwa kazi ya macho. Mjapani Takashi Amano (1954–2015), aliyekuwa mpiga picha, ndiye aliyewafundisha wengi kupanga tangi kama kipande cha mandhari, na picha zake zimewaponza wanaoanza kwa sababu moja: zinaonyesha tangi lililokwisha kukua miezi. Kwetu huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nenda chemchemi ya Chemka, kule Boma Ng'ombe, uangalie mizizi inavyoshuka majini na jinsi mwanga unavyoingia kwa upande mmoja tu. Lakini kila unachoweka kina mchango wake kwenye kukomaa. Bakteria hawaishi ndani ya maji, huganda kwenye vitu. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, ambayo huku kwetu ni ya kuokota, yana nafasi kubwa kuliko jiwe laini la mtoni la ukubwa ule ule. Jiwe usilolijua, lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa, litapandisha pH, na pH yetu haihitaji kusukumwa. Visiki vya mibuni mizee vinavutia sana kwa matawi yake, ila mashamba mengi ya kahawa yamepuliziwa dawa za kopa, yaani shaba, miaka na miaka, na kopa huua konokono na kamba wadogo kwanza kabisa. Mimi siviweki. Udongo wa kihamba chini ya mchanga unafaa, lakini ukiwa na samadi ndani yake tangi litanuka amonia wiki mbili za mwanzo. Kwa anayengoja bila samaki, hiyo ni faida, chakula cha bakteria kimeshapatikana.

Namna ya kukomaza ni fupi kuliko maelezo yake. Jaza maji yaliyolala siku moja ndooni ili klorini iondoke, washa filta, ile pampu inayopitisha maji kwenye sponji, isizimwe usiku wala mchana, kisha walishe bakteria: tone la amonia tupu isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, au kama huipati, chembe za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Vina bei, najua, lakini samaki kumi nao walikuwa na bei. Siku utakayoweka miligramu 2 na kesho yake saa ile ile amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji kupunguza nitrati, uweke samaki wachache, gapi wanne au watano, si wote kwa mkupuo, maana bakteria wako ni wa kiasi cha chakula walichozoea.

Njia ya mkato ipo, na ni moja tu ninayoiamini: omba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta ya rafiki mwenye tangi zima lisilo na ugonjwa. Ni kama kianzio cha mtindi. Kinaweza kukuokolea wiki tatu. Watu huombana ndoo ya maji ya zamani badala yake, wakaibeba kwa uangalifu ndani ya daladala, na ndani yake hamna cha maana. Maji kuwa meupe kama ya kuoshea mchele siku ya tatu au ya nne nayo isikuhangaishe. Ni bakteria wengine wa kupita, hupotea wenyewe.

Tangi likishakomaa linaweza kurudi utotoni. Siku ya usafi mtu anatoa sponji, anaiosha kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka inang'aa, na huenda amewaua wafanyakazi wengi kwa dakika tano. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi, ibaki na uchafu wake kidogo. Na umeme ukikatika, bakteria waliofungiwa ndani ya filta iliyosimama huishiwa oksijeni kabla ya samaki. Kwa saa moja mbili usihangaike. Ukiona unakwenda kuwa wa usiku kucha, fungua filta, toa sponji na uiache ielee ndani ya tangi, kisha asubuhi mwaga maji yaliyolala kwenye filta kabla ya kuiwasha tena.