Namba ndogo ya chini haiguswi

Nimesikia tena, safari hii kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Moshi: kubalansi mlinganyo wa kikemikali ni kuchezacheza na namba hadi zilingane, upate alama. Hapana jamani. Atomu haizaliwi wala haifi kwenye mmenyuko wa kikemikali. Zinaachana na kuungana upya. Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, alilionyesha hilo kwa mizani, akaliandika kitabuni mwaka 1789.

Sasa tazama H₂ + O₂ → H₂O. Oksijeni ni mbili kushoto, moja kulia. Mwanafunzi anapachika 2 chini ya O, anapata H₂O₂, anaweka kalamu chini. Hesabu imekaa, ila maji hayapo tena! Hiyo ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Namba ya chini inasema kitu ni nini, ya mbele inasema viko vingapi. Ukitaka mbuzi wawili unaleta mbuzi mwingine, humpachiki huyo mmoja kichwa cha pili. Gusa ya mbele tu: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Ndiyo, molekuli tatu zimezaa mbili, na hakuna ubaya. Kinacholingana ni atomu. Propani ya mtungi wa gesi ikiungua:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Molekuli zinaingia sita, zinatoka saba. Lakini gramu 44 za propani na 160 za oksijeni zinatoa gramu 132 za kaboni dayoksaidi na 72 za maji. Ni 204 huku na 204 kule. Bila ile 5 usingejua moto unadai hewa kiasi gani.

Kinachonisumbua mimi ni hiki: mlinganyo unaweza kubalansi vizuri kabisa usikwambie kilichotokea. Baridi ya Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani. C + O₂ → CO₂ imebalansi. 2C + O₂ → 2CO, yaani kaboni monoksaidi, nayo imebalansi. Zikitoka gesi zote mbili, 3C + 2O₂ → 2CO + CO₂ ni sahihi, na 5C + 3O₂ → 4CO + CO₂ ni sahihi vilevile. Vitabu vya shule huchagua mmoja na kunyamaza. Uwiano wa kweli unategemea hewa na joto la makaa, na huupati kwa kalamu. Unapima gesi yenyewe. Hiyo CO haina rangi wala harufu, na inaua. Jiko litolewe nje kabla hamjalala.