Ujasiriamali wa mazao ni nini, na unambadilishia nini mkulima wa Nakuru

Wengi wakisikia ujasiriamali wa mazao hudhani maana yake ni kulima ili kuuza. Kama ni hivyo tu, basi hakuna jipya, kwa sababu viazi vya Molo na Mau Narok, huku Nakuru, vimekuwa vikipanda lori kwenda sokoni kwa miaka mingi. Dhana yenyewe inahusu maamuzi. Mkulima mjasiriamali ndiye anayeamua apande nini na kwa soko lipi, avune lini, auze kwa kipimo gani, na ahifadhi kiasi gani. Hasara ikija, anajua pia ataibebaje. Anayelima vizuri lakini hayo yote akaamuliwa na broka bado ni kibarua katika shamba lake mwenyewe.

Chukua Shangi, aina ya viazi inayopendwa sana Nakuru. Inakomaa kwa takriban miezi mitatu, inaiva haraka ikipikwa, na wauza chipsi wanaitaka. Kasoro yake ni kwamba baada ya kuvunwa haikai; wiki chache tu macho yanaanza kuchipua. Basi mvua ikianza wote wanapanda, wote wanavuna pamoja, na lori likifika wote wana haraka ya kuuza.

Hapo mlangoni mwa shamba ndipo pesa inapopotea. Vijana wa broka wanajaza gunia mpaka mdomoni, kisha wanashonea wavu juu na kuendelea kurundika viazi. Gunia hilo linaitwa mkorino, kwa vile linaonekana kama limevaa kilemba cha waumini wa Akorino. Bei imeshakubaliwa kwa gunia, si kwa kilo. Piga hesabu: shilingi 3,000 kwa gunia la kilo 50 ni shilingi 60 kwa kilo. Gunia likisukumwa hadi kilo 120 kwa bei ileile, kilo moja inakuwa shilingi 25. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, lakini mkulima mmoja akidai mizani, broka anahamia kwa jirani. Kwa maoni yangu, ndiyo maana ujasiriamali wa mtu mmoja mwenye nusu ekari una mipaka mifupi. Majirani wakikubaliana kupima na kuuza pamoja, lori halina pa kuhamia.

Kwa mahindi shida si kipimo, ni kalenda. Mavuno ya Bonde la Ufa huja kati ya Oktoba na Desemba, karo inasubiri Januari. Familia inauza magunia wakati bei iko chini, halafu kufika Mei au Juni inanunua unga dukani, pengine wa mahindi yaleyale iliyoyalima. Sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2019 ilikusudiwa kuvunja mzunguko huo: unapeleka mahindi ghalani, unapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo huku ukisubiri bei ipande. Ila lazima yawe yamekauka, unyevu usizidi asilimia 13.5, na mwenye turubai moja uani Novemba ya mvua anajua kazi iliyopo hapo.

Kuna hatari nyingine ambayo wahamasishaji huipitia haraka. Zao likileta pesa, kishawishi ni kulipanda msimu baada ya msimu, shamba zima. Viazi havivumilii hilo. Mnyauko wa bakteria hukaa udongoni, na mbegu ya kuchagua kwenye rundo la jirani huuhamisha kutoka shamba hadi shamba. Mbegu safi iliyothibitishwa ipo, ikiwemo ya ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, huko Molo, lakini ni ghali, na kwa mwenye shamba dogo gharama hiyo inashindana na karo ileile. Isitoshe, shamba likiwa viazi vitupu, maharagwe na mboga vinatoka dukani. Msimu mmoja mbaya unakula pesa na chakula kwa pamoja.

Ukivuka kwenda magharibi mwa Kenya utaona sura nyingine ya tegemeo hilo. Miwa hukaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa, na mnunuzi mara nyingi ni kiwanda kimoja. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa mwaka 2019 chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa kwa ajili ya wadai wake, baada ya miaka ya matatizo, wakulima waliokuwa wakiitegemea walikuwa na zao lisilopikika nyumbani.

Linganisha na mboga za kienyeji: managu, saga, mrenda. Hazina sifa ya zao la biashara, lakini zinachumwa baada ya wiki chache tangu kupandwa, zinauzwa kwa mafungu soko la Kibuye pale Kisumu, na zisizouzwa zinapikwa jioni. Faida ni ndogo, ila inaingia kila wiki, na mara nyingi inabaki mkononi mwa mama aliyezichuma. Pesa ya viazi au miwa huja kwa mkupuo, na kwa kawaida huingia kwenye simu ya mwenye hati ya shamba. Ndiyo maana kuuliza kipato kimepanda kwa kiasi gani hakutoshi. Nyumba mbili zenye mapato sawa kwa mwaka zinaweza kula tofauti kabisa, kutegemea pesa imeingia lini na imeshikwa na nani.